Kupakia programu kwenye ATmega328P bila kuing'oa kwenye bodi

Juzi nilimkuta fundi mmoja ameshawasha hewa ya moto ili ang'oe chipu ya miguu 32 akaipakie programu pembeni. Kazi hiyo haihitajiki. ATmega328P, kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, inapokea programu ikiwa imelehemiwa palepale, kwa nyaya 6; njia hii huitwa ISP. Naeleza ya TQFP, yaani umbo bapa lenye miguu pande zote nne. Chipu nyingine nyingi za familia yake, AVR, hufuata njia hiyohiyo, ila namba za miguu hubadilika.

Hatua ya 1: Nyaya

MOSI (data inayoingia kwenye chipu) ni mguu wa 15, MISO (data inayotoka) 16, SCK (mapigo ya kuongoza data) 17, RESET 29, umeme 4, graundi 3. Kama bodi ina pini 6 za ISP, chomeka tu. Kama haina, lehemu nyaya nyembamba kwenye vidoti vya kupimia. Vibanio vya kung'ata chipu sivitaki kabisa kwa chipu yenye miguu pande zote nne: vinateleza, na ukitikisa meza kidogo unaanza upya. Nyaya ziwe fupi.

Hatua ya 2: Umeme

Pima kwa mita kabla ya kuunganisha. ATmega328P inavumilia volti 1.8 hadi 5.5, kwa hiyo yenyewe haitalalamika; kitakachoungua ni redio au kadi ya SD iliyo jirani, inayotaka 3.3. Umeme utoke upande mmoja tu: ama kwenye bodi, ama kwenye kifaa cha kupakia.

Hatua ya 3: Soma utambulisho wa chipu

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10

Hapa avrdude ni programu ya kompyuta, usbasp ni kifaa cha kupakia, na -B hupunguza mwendo wa SCK kadiri namba yake inavyokuwa kubwa. Jibu sahihi ni 1E 95 0F. Ukipata 1E 95 16, chipu yako ni 328PB, badilisha jina kwenye amri. Usiiache ile -B 10. Chipu mpya hutoka kiwandani ikienda kwa megahezi 1, na mwendo wa SCK lazima uwe chini ya robo ya hapo, yaani chini ya kilohezi 250.

Hatua ya 4: Utambulisho hausomeki

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima wakilaumu kifaa cha kupakia. Ukipata 00 00 00, FF FF FF, au namba zinazobadilika kila ukirudia, kagua kwanza nyaya, kisha tazama nani mwingine ameungwa kwenye MISO, MOSI na SCK.

RESET ikishushwa, miguu yote ya chipu inaachia. Mguu uliokuwa unaizuia kadi ya SD au redio kupitia CS (laini ya kukiita kifaa) nao unaachia, CS inaelea, na kifaa hicho kinaweza kudhani kimeitwa. Kinaanza kujibu kwenye MISO wakati huohuo ATmega inajibu, na kompyuta inasikia wawili wakiongea kwa mpigo. Dawa ni rezista ya kilo-omu 10 kutoka CS hadi umeme, moja kwa kila kifaa. Kama bodi ndiyo kwanza unaichora, weka pia rezista ya kilo-omu 1 kwenye laini ya MISO, kati ya kifaa hicho na chipu. Nyaya za kupakia ziungwe upande wa chipu. Ukiziunga upande wa pili wa rezista, hujafanya kitu.

Kama hakuna kifaa kingine, angalia kapasita iliyotoka RESET kwenda graundi. Ikiwa kubwa, RESET inachelewa kupanda na kushuka. Itoe kwa muda. Taa ya LED kwenye SCK nayo husumbua pale rezista yake ilipo ndogo mno.

Jaribu pia -B 32. Ikisoma kwa mwendo huo wa kobe, kuna kitu kinaielemea laini, kitafute, usiridhike.

Hatua ya 5: Pakia

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10 -U flash:w:kazi.hex:i

Inajihakiki yenyewe.

Hatua ya 6: Fyuzi

Fyuzi ni mipangilio ya chipu inayobaki hata umeme ukizimwa. Ukitaka megahezi 8 za ndani, andika -U lfuse:w:0xE2:m na usiguse zaidi. RSTDISBL, fyuzi inayozima RESET, iache milele, maana ukiiwasha mlango wa ISP unafungwa. Ukichagua kristali ya nje na bodi haina, chipu itaonekana imekufa, lakini inafufuka: ipe mapigo ya megahezi 1 kwenye mguu wa 7 kutoka chipu nyingine yoyote, punguza mwendo kwa -B 32, kisha rudisha fyuzi.