SOMO: Kutoa shaba kwenye mota mbovu bila kuichoma moto

Swali hili linarudi kila mara, kwa hiyo naliandika lote hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Chomoa mota kwenye umeme. Kama ina kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme), unganisha kapasita hiyo kwanza na balbu ya kizamani ya waya ili imalize chaji.

2. Fungua nati, toa vifuniko, chomoa rota (sehemu ya kati inayozunguka).

3. Kwaruza waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa vanishi ya rangi ya shaba. Mota nyingi za feni za siku hizi ziko hivyo.

4. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kata vichwa vya koili (mafungu ya waya yanayotokeza nje ya bati) upande mmoja tu, ule usio na waya za kutokea kwenda kwenye umeme. Tindo iwe kali, ubapa wake ulale juu ya bati za stata (sehemu isiyozunguka iliyobeba koili), upige vipigo vifupi. Ukitumia grainda, acha kama milimita mbili. Diski ikigusa bati, meno ya bati yanapinda na kuziba mfereji unaoshika koili, koili inakwama, na utavuta mpaka waya zikatike mmojammoja. Vaa miwani! Vipande vinaruka usawa wa macho.

5. Sukuma kila fungu kwa nondo nyembamba, malizia kwa kuvuta na koleo upande wa pili.

6. Usichome. Moshi wa vanishi na plastiki ni sumu kwako na kwa watoto wa jirani, na shaba iliyoungua mnunuzi anaishusha bei.

MASWALI

Chuma_Tele: Mkuu, nikichoma kidogo tu ilegee?
– Namba 6.

Kijana wa Gereji: Kompresa ya friji naipiga grainda moja kwa moja?
– Hapana! Ikiandikwa R600a, gesi yake inawaka. Fundi friji aitoe kwanza, umwage mafuta, ndipo ukate kwa msumeno wa mkono.

Bi Pampu: Mbona rota ya pampu yangu haina waya hata mmoja?
– Swali zuri, dada. Hiyo ina alumini iliyomiminwa ndani ya bati. Usumaku wa stata ndio unaoizalishia umeme, haihitaji waya. Rota za drili na blenda ni tofauti: zina waya, na pale brashi za kaboni zinapogusa kuna vipande vya shaba. Usizitupe.

Mzee wa Koili: Nyongeza: kabla ya kuvunja, mwonyesheni fundi anayesuka mota. Stata nzima ya pampu anaweza kuinunua ghali kuliko shaba yake.
– Kweli, mzee wangu. Na bearingi zinazozunguka laini ziwekeni pembeni. Namba iko ubavuni; 6203 haikosi mteja.