Jiko la kuni la kizamani la Kimarekani: namna ya kujua ni la lini na linastahili bei gani

Kwa tulioko huku Marekani haya majiko tunakutana nayo sana kwenye minada ya nyumba za mashambani, Wisconsin, Missouri, Michigan huko, lijiko jeusi la chuma lina oveni na kikabati juu, muuzaji anakuangalia usoni anakwambia hili ni la mwaka 1820 na anataka dola elfu tatu. Usibishane nae, inama usome jiko.

Jina la kiwanda na mji huwa limeandikwa kwenye mlango wa oveni au mlango wa kutilia kuni, likifichwa na masizi pitisha kitambaa kibichi taratibu. Kwa mfano chapa ya Home Comfort ilikuwa ya Wrought Iron Range Company ya St. Louis, Monarch ilikuwa ya Malleable Iron Range Company ya Beaver Dam, Glenwood ilikuwa ya Taunton, Massachusetts. Ukishalipata jina ingia Internet Archive, ile maktaba ya bure ya mtandaoni, kuna katalogi za zamani za majiko zimeskaniwa, unafananisha picha na jiko lililo mbele yako, miguu, mapambo, vishikio, mpaka ulione lenyewe.

Namba sasa, hapa ndo watu wanapigwa. Ukikuta 8-20 usikimbilie kusema ni mwaka. Mara nyingi hiyo ni saizi tu, 8 ni inchi za vile vifuniko vya duara vya juu na 20 ni inchi za oveni, chukua futi upime utajionea. Huyo jamaa wa 1820 sitashangaa kama alisoma saizi.

Tarehe za patenti, yaani haki ya kumiliki ubunifu, ndo msaada mkubwa ila nazo zina mtego wake. Tuseme nyuma ya mlango kumeandikwa PAT. APR. 9, 1889. Hiyo inakwambia jiko halikutengenezwa KABLA ya siku hiyo, basi, haisemi lilitengenezwa siku hiyo. Zikiwa tarehe kadhaa shika ile ya mwisho kabisa. Patenti za enzi hizo zilikuwa za miaka 17, kwa hiyo jiko la namna hiyo kadirio la haraka ni kati ya 1889 na 1906 hivi, ingawa viwanda vingine viliendelea kutumia kalibu zilezile hata baada ya hapo. Ukikuta namba ya patenti badala ya tarehe iandike Google Patents inakuletea mpaka mchoro.

Hakuna maandishi kabisa? Angalia umbo. Maua maua mengi na nikeli inayong'aa, hapo uko kati ya miaka ya 1880 na 1910 kwa makadirio. Likiwa limenyooka, lina kona kona, limepakwa enameli ya krimu au kijani kama zile bakuli za bati za bibi, hilo ni la miaka ya 1920 na 30. Na skrubu za kichwa cha nyota zikiwepo kwenye jiko la kabla ya hapo jua kuna mtu kalifungua baadaye, maana hizo zimeanza kutumika miaka ya 1930.

Bei haifuati umri, kuna jiko la 1880 halina mteja na la 1925 linagombaniwa. Kinacholipa ni uzima. Ingiza tochi ya simu kwenye chumba cha kuni, funga milango, zima taa, mwanga ukitokea pasipo na tundu huo ni ufa au kiungio kimeachia. Weka rula juu ya jiko uone kama bati limepinda. Halafu hesabu vitu: wavu wa majivu, droo yake, tangi la maji la pembeni, kikabati cha juu, kile kibati cha kugeuzia moshi uzunguke oveni. Kimoja kikikosekana utakitafuta mpaka uchoke, na kupiga nikeli upya ni hela ndefu sana. Ukiona utando mweupeweupe ndani ya kuta za jiko usiukwangue, inaweza kuwa asbesto, yale madini ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Jiko bovubovu lisilotengenezwa kawaida ni dola mia kadhaa, yanayofika maelfu ni yaliyofufuliwa na fundi wa kazi hiyo. Kwenye eBay chuja uone yaliyouzwa, sio bei za kuombea, bei ya kuomba hata mimi naweza kuandika milioni.

Kama unataka kulipikia kweli piga simu bima kwanza, wengi hawataki jiko lisilo na cheti cha usalama, na kanuni ya huku ni liachiwe inchi 36 mpaka ukuta unaoshika moto, jiko dogo la apartment hapo sahau. Na lina kilo mia mbili na kitu, kwa hiyo hela ya vijana wanne na pickup itoe kwenye bei kabla hujataja ofa yako.