Kuomba kazi ya kambi ya kiangazi Marekani kwa viza ya J-1: mwongozo kwa kijana wa Kenya

Shule za Marekani zikifungwa mwezi wa Juni, watoto wengi hupelekwa kambini hadi Agosti. Kwenye misitu ya Maine, milima ya Pocono kule Pennsylvania na kando ya maziwa ya Michigan na Wisconsin, watoto hawa hulala kwenye vibanda vya mbao, huogelea, hupiga makasia, hujifunza kulenga mishale na kuigiza. Desturi hii ina umri: mwaka 1861 mwalimu mkuu mmoja wa Connecticut, Frederick Gunn, aliwatoa wanafunzi wake shuleni akaenda nao kupiga kambi ufukweni. Kambi za leo huhitaji vijana wa kukaa na watoto usiku na mchana, na serikali ya Marekani huruhusu vijana wa nchi nyingine waje kuifanya kazi hiyo kwa viza ya mabadilishano, J-1, kwa muda usiozidi miezi 4.

Kijana wa Kenya anaweza kuipata nafasi hii bila kumhonga mtu na bila kuuza shamba la mzazi. La muhimu ni kufuata mpangilio: mdhamini kwanza, kambi pili, fomu ya DS-2019 (hati ya mdhamini inayoonyesha umekubaliwa kwenye programu) tatu, ubalozi mwisho. Wengi wanaoibiwa pesa huibiwa kwa sababu mtu amewageuzia mpangilio huo. Ukiambiwa ulipie viza leo na kambi utatafutiwa baadaye, ondoka.

Kwa ndugu zetu wa nchi jirani: amri za rais wa Marekani zimesimamisha utoaji wa viza za J kwa raia wa Burundi tangu Juni 2025 na kwa raia wa Tanzania tangu tarehe 1 Januari 2026. Amri kama hizi hubadilika. Ikiwa pasipoti yako ni ya nchi hizo, angalia tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini mwako kabla ya kulipa chochote kwa mtu yeyote.

Je, unafaa?

Uwe umetimiza miaka 18 na unazungumza Kiingereza vizuri. Kisha uwe mwanafunzi wa chuo, mwalimu, mtu anayefanya kazi na vijana, au mwenye ujuzi maalumu unaohitajika kambini. Wengi hujiona hawana ujuzi, kumbe wanao. Umekuwa skauti na unajua kupiga hema, kuwasha moto na kuongoza kikosi? Umefundisha watoto wa Sunday school au madrasa? Umekulia Mombasa au Lamu na maji huyaogopi? Unafundisha timu ya soka ya watoto mtaani, unacheza sarakasi, unapanda farasi, unafinyanga? Hayo ndiyo kambi zinayotafuta. Ukiwa na cheti cha uokoaji majini au huduma ya kwanza, bora zaidi, maana kila kambi yenye ziwa au bwawa hutafuta watu wa kulinda waogeleaji.

Kuna jambo ambalo mawakala hulifunika makusudi. Kanuni za programu hii zinasema wazi kwamba haikuwekwa ili kuzipatia kambi wapishi, waosha vyombo au wafagiaji kutoka nje. Utatandika vitanda na kusafisha meza pamoja na wenzako wote, hilo ni sehemu ya maisha ya kambi, lakini kazi yako ni watoto. Wanaokwenda kufanya kazi ya jikoni huenda kwa kawaida kupitia programu nyingine ya J-1, ya wanafunzi wa vyuo wanaofanya kazi wakati wa likizo, na yenyewe humtaka mtu awe bado anasoma chuoni. Ukiahidiwa ulezi wa watoto halafu mkataba ukataja sufuria, uliza kabla ya kutia sahihi.

Kumpata mdhamini

Huwezi kuomba viza hii peke yako. Lazima uwe na mdhamini, yaani shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuendesha programu hiyo. Orodha yao iko wazi kwenye j1visa.state.gov. Chagua kundi la walezi wa kambi uone majina. Baadhi ya mashirika hayo hufanya kazi kupitia washirika wao hapa Kenya. Mshirika si dhambi, lakini usimwamini kwa maneno yake tu. Mwandikie mdhamini mwenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake, umuulize kama anamtambua mtu huyo na ada yake ni kiasi gani. Jibu la siku mbili tatu linaweza kukuokolea akiba ya mwaka mzima.

Anza Septemba au Oktoba kwa ajili ya kiangazi cha mwaka unaofuata. Anayeanza Aprili huwa anakimbizana na nafasi za mahojiano ubalozini, na kambi haitamsubiri.

Pasipoti nayo ianze mapema, pale eCitizen, ikiwa bado huna. Hakikisha jina lako limeandikwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule na pasipoti. Herufi moja iliyopotoka, Wanjiru huku na Wanjiro kule, hugeuka kizingiti kila hatua inayofuata. Wakati huohuo omba cheti cha maadili mema kutoka DCI, maana utakwenda kukaa na watoto wa watu na hakuna mdhamini makini atakayekukubali bila kuchunguza rekodi yako.

Maombi yenyewe

Mdhamini atakupa fomu ya kujieleza, atataka barua za mwalimu au mwajiri wako kuhusu kufaa kwako, na atakuhoji ana kwa ana. Wengi hutaka pia video fupi. Hapa ndipo ninapowasihi vijana watulie. Mkurugenzi wa kambi anayesoma maombi yako anajiuliza swali moja tu: je, naweza kumwachia huyu kibanda cha watoto kumi saa tatu usiku, mmoja wao akilia kwa kumkumbuka mama yake?

Kwa hiyo usiandike “napenda watoto na ni mchapakazi”. Andika tukio. Sema siku ile mvua ilipowakuta na kikosi cha skauti mlifanya nini, mtoto aliyekataa kuingia majini ulimzoeza vipi, wawili waliopigana uliwapatanishaje. Kwenye video simama penye mwanga, ongea kama unavyoongea na watoto, na kama unapiga ngoma au kayamba, ipige. Usiseme unajua kuogelea ikiwa hujui. Siku ya kwanza kambini watu hupimwa majini, na uongo huo ni hatari kwa uhai wa mtoto.

Kambi ikikupenda, itakuhoji kwa video. Uliza nawe: watoto wa umri gani, nitalala wapi, mapumziko ni siku ngapi, na nikiugua nani atanipeleka hospitali?

Mkataba na mshahara

Kanuni zinataka ulipwe na kutunzwa sawa na walezi Wamarekani wa ngazi yako. Lakini fahamu kwamba kambi za msimu husamehewa sheria ya taifa ya kima cha chini cha mshahara, ndiyo maana nyingi hulipa kiasi kimoja cha msimu mzima, pamoja na chakula na malazi, badala ya malipo ya kila saa. Piga hesabu kwa uaminifu: toa nauli ya ndege, ada za mdhamini, ada za viza, kisha uangalie kinachobaki. Kwa wengi kinachobaki si kikubwa. Anayekwenda kwa ajili ya uzoefu na barua nzuri ya kazi hufaidika. Aliyekopa kwa riba akidhani atarudi tajiri huumia, na ni afadhali alijue hilo akiwa bado nyumbani.

Mdhamini pia huhakikisha una bima ya afya. Kiwango cha chini kilichowekwa ni dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kukusafirisha kimatibabu na dola 25,000 za kurudisha mwili nyumbani. Sehemu unayolipa mwenyewe haipaswi kupita dola 500 kwa kila tukio. Omba hati ya bima hiyo uisome.

DS-2019 na ada ya SEVIS

Ukishapata kambi, mdhamini hukutolea fomu ya DS-2019. Bila fomu hiyo huna ombi. Kagua jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, jina la programu na tarehe za kuanza na kumaliza. Kosa lolote lirekebishwe sasa, lisingoje ubalozini. Juu ya fomu kuna namba inayoanza na herufi N: hiyo ndiyo namba yako ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa mabadilishano. Utaitumia kulipa ada ya mfumo huo, iitwayo I-901, ambayo kwa walezi wa kambi ni dola 35. Makundi mengine mengi ya J-1 hulipa dola 220, kwa hiyo ukidaiwa kiasi hicho, umechaguliwa kundi lisilo lako. Wadhamini wengine huilipa wenyewe ndani ya ada yao. Vyovyote iwavyo, chapisha risiti.

Fomu ya DS-160

Hii ndiyo fomu ya maombi ya viza yenyewe, nayo hujazwa mtandaoni, kwa Kiingereza. Ukikaa kimya kwa dakika 20 hivi ukurasa hujifunga, basi andika pembeni namba ya ombi unayopewa mwanzoni na uhifadhi kazi yako kila mara. Uwe na DS-2019 mezani, anwani ya kambi, maelezo ya wazazi wako na historia ya masomo na kazi. Picha iwe ya mraba, sentimita 5 kwa 5, mandhari nyeupe, ya ndani ya miezi 6, bila miwani.

Utaulizwa majina ya akaunti zako zote za mitandao ya kijamii za miaka 5 iliyopita. Tangu Juni 2025, waombaji wa viza za J wanatakiwa pia kuziweka akaunti hizo wazi ili maafisa wazione. Zitaje zote, hata ile uliyoiacha tangu sekondari. Akaunti iliyofichwa ikigunduliwa ina madhara kuliko picha yoyote ya sherehe.

Jaza mwenyewe. Mtu wa saiba anaweza kukuchapishia, lakini majibu yawe yako, kwa sababu ni wewe utakayeulizwa na ni wewe utakayekuwa umeapa kuwa ni kweli. Ukimaliza, chapisha ukurasa wa uthibitisho wenye mistari ya msimbo.

Baadaye lipa ada ya maombi ya viza, dola 185, ambayo hairudishwi hata ukinyimwa, kisha uchukue siku ya mahojiano kwa kufuata maelekezo ya ke.usembassy.gov. Sheria iliyopitishwa Marekani Julai 2025 iliweka pia ada ya ziada ya dola 250 kwa viza za muda, basi kabla ya kupanga bajeti soma ukurasa wa ada wa ubalozi uone unachodaiwa siku hiyo.

Siku ya Gigiri

Ubalozi uko United Nations Avenue, Gigiri. Anayetoka Kisumu au Voi afike Nairobi siku moja kabla. Beba pasipoti, DS-2019, risiti ya SEVIS, ukurasa wa DS-160, picha, mkataba wa kambi, barua ya chuo au ya kazi na matokeo ya masomo.

Mahojiano huwa mafupi, ya kusimama dirishani. Sheria ya Marekani, kifungu cha 214(b), humchukulia kila mwombaji kuwa anakusudia kuhamia huko mpaka aonyeshe vingine. Ndiyo maana swali la “utarudi kufanya nini?” lina uzito kuliko vyote. Kama una mwaka wa tatu wa kumalizia Septemba, sema hivyo, utoe na barua. Taja jina la kambi, jimbo ilipo na kazi yako bila kubabaika. Ukisema “naenda kambi fulani huko New York, ajenti anajua”, umejinyima mwenyewe. Jibu ulichoulizwa, kisha unyamaze.

Afisa atahakikisha pia umepokea na kuelewa kijitabu cha haki za wafanyakazi wa kigeni. Kisome kweli. Mwajiri haruhusiwi kukunyang'anya pasipoti, na una haki ya kulalamika bila kuadhibiwa. Namba ya dharura ya J-1 ukiwa Marekani ni 1-866-283-9090, na ya kuripoti utumwa wa kazi ni 1-888-373-7888. Mwachie mzazi nakala.

Usikate tiketi isiyorudishwa kabla pasipoti yenye viza haijakufikia mkononi.

Ukishafika

Unaweza kuingia Marekani hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye DS-2019. Fomu hiyo ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye sanduku, kwa kuwa afisa wa uwanja wa ndege ataitaka kabla hujaona mizigo. Ukifika kambini mjulishe mdhamini mara moja ili rekodi yako ya SEVIS ihuishwe, kisha chapisha kutoka mtandaoni rekodi yako ya I-94, yaani ya kuingia nchini. Omba namba ya Social Security, inayotumika kwa mshahara na kodi, kwa msaada wa kambi. Usihamie kambi nyingine wala usichukue kibarua cha pembeni bila ruhusa ya mdhamini, hata mwenye duka mjini akikusihi.

Programu ikiisha una siku 30 za kutembea na kujiandaa kurudi, lakini si za kufanya kazi. Mshahara wako utakatwa kodi ya mapato, ila usikatwe michango ya Social Security (pensheni) na Medicare (matibabu ya wazee), ambayo mwenye J-1 wa muda mfupi amesamehewa. Ukiiona kwenye hati ya malipo, mwambie mhasibu wa kambi kabla hujaondoka. Waachie anwani ya barua pepe unayoifungua ili mwanzoni mwa mwaka wakutumie fomu ya W-2, inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, nawe ujaze 1040-NR, fomu ya kodi ya wasio wakazi wa Marekani, kabla ya tarehe 15 Aprili. Wapo wanaorudishiwa sehemu ya kodi yao kwa njia hiyo.