Kushusha volti 24 za lori hadi 12 kwa diodi ya zena ya wati 5

Mwongozo huu unahusu redio ndogo ya volti 12, isiyotumia zaidi ya miliampea 100, inayofungwa kwenye lori la volti 24.

Hatua ya 1: Vifaa. Tafuta zena ya 1N5349B (ya volti 12 na wati 5; zena ni diodi inayozuia volti zisipande juu ya kiwango chake), rezista ya waya ya omu 100 yenye wati 10, na fyuzi ya ampea 1. Chukua umeme baada ya swichi ya ufunguo, kwa kuwa saketi hii hunyonya betri hata redio ikiwa imezimwa.

Hatua ya 2: Hesabu ya joto. Hapa ndipo diodi nyingi huungua, kwa sababu fundi hupiga hesabu redio ikiwa inalia, ilhali zena hubeba mzigo mkubwa zaidi redio inapozimwa. Betri ikiwa na volti 24, rezista hubeba volti 12 zinazobaki na kupitisha miliampea 120: redio huchukua 100, na zena hubakiwa na 20. Injini inapochaji, volti hufika 28.8 na mkondo huwa miliampea 168. Ukizima redio wakati huo, mkondo wote hupita kwenye zena, nayo hutoa joto la wati 2. Zena ya wati 1 haiwezi kustahimili hali hiyo. Hata hizo wati 5 hupatikana tu iwapo joto linapata njia ya kutoka, na njia yenyewe ni miguu ya diodi. Kwa hiyo ikate iwe mifupi, uilehemu kwenye shaba pana, na usiifunge diodi kwa utepe wala gundi. Kuhusu rezista, kwa kawaida wati 3 zingetosha, lakini zena ikiharibika kwa kujifunga shoti, rezista hubeba zaidi ya wati 8, na ndiyo maana ninasisitiza wati 10.

Hatua ya 3: Kuunganisha. Fyuzi hutangulia, kisha rezista, kisha zena sambamba na redio. Upande wa zena wenye mstari huelekea chanya.

Hatua ya 4: Kupima. Pima bila redio, injini ikiunguruma, na urudie diodi ikishapata moto, kwa sababu volti za zena ya 12 hupanda kadiri joto linavyoongezeka. Ongezeko la karibu nusu volti ni la kawaida.

Kwa redio inayotumia zaidi ya miliampea 150, mimi huacha njia hii na kuweka zena ndogo kwenye besi (mguu wa kudhibiti) ya transista ya TIP31 yenye bati la kupoozea.