Jinsi ya Kuutambua Mkono wa Mmiliki Tashtiti ya Kisiasa Inapozimwa

Ni nadra sana mmiliki wa chombo cha habari kumpigia simu mchekeshaji na kumwamuru anyamaze. Amri huacha ushahidi, na mtu mwenye uwezo wa kupunguza bajeti, kubadilisha saa ya kipindi au kuuacha mkataba ufikie ukomo wake hana haja ya kuacha ushahidi. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini kipindi cha tashtiti, yaani dhihaka ya kukosoa wakubwa, kimetoweka hewani, au kwa nini kibonzo fulani hakikuchapishwa, asitafute amri, atafute maslahi.

Anza kwa kuipanda ngazi ya umiliki hadi juu kabisa. Jina lililo kwenye nembo ya kituo mara nyingi ni la kampuni tanzu tu, na juu yake ipo kampuni mama, na juu ya kampuni mama yupo mwanahisa mkubwa au familia yenye kura nyingi. Kampuni zilizo kwenye soko la hisa hutakiwa kutoa ripoti ya mwaka inayowataja wanahisa wakuu. Kwa kampuni binafsi, uliza kwa msajili wa makampuni na kwa mamlaka inayotoa leseni za utangazaji. Ukishalipata jina, ziandike biashara zake nyingine zote, hasa zile zinazongoja saini ya serikali: zabuni, leseni, vibali vya kuunganisha kampuni. Jeff Bezos, kwa mfano, alilinunua gazeti la Washington Post mwaka 2013 kwa dola milioni 250, lakini msomaji wake hana budi kukumbuka kwamba Amazon, kampuni aliyoianzisha, huiuzia serikali ya Marekani huduma za kompyuta, na kwamba Blue Origin, kampuni yake ya roketi, nayo hutegemea mikataba ya serikali hiyo. Januari 2025 mchora vibonzo Ann Telnaes alijiuzulu katika gazeti hilo baada ya kukataliwa mchoro uliomwonyesha Bezos na matajiri wenzake wakimpigia magoti Donald Trump. Mhariri alieleza kwamba aliepuka kurudia jambo ambalo makala ilikuwa imekwisha kuligusa. Telnaes alisema kwamba hajawahi kabla ya hapo kukataliwa mchoro kwa sababu ya mtu aliyelengwa.

Msambazaji naye ana ngazi yake. Kituo cha ABC ni mali ya Disney, lakini katika miji mingi ya Marekani matangazo yake hurushwa na vituo vya kampuni nyingine kabisa. Ndiyo maana Septemba 2025, mwenyekiti wa mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, alipotoa vitisho kuhusu maneno ya mchekeshaji wa ABC, Jimmy Kimmel, kampuni za Nexstar na Sinclair, zenye vituo vya aina hiyo, zilitangaza kutokionyesha kipindi chake, na ABC ikakisimamisha kwa siku chache. Nexstar wakati huo ilikuwa ikingoja idhini ya FCC ili iinunue kampuni ya Tegna kwa dola bilioni 6.2.

Baada ya hapo tengeneza kalenda, kwa maana hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote. Upande mmoja weka tarehe za maamuzi juu ya tashtiti, upande wa pili tarehe za shughuli za mmiliki mbele ya serikali. Kwa kampuni ya Paramount mwaka 2025 kalenda hiyo husomeka hivi: mwanzoni mwa Julai kampuni ilikubali kulipa dola milioni 16 ili kuimaliza kesi ya Trump dhidi ya kituo chake cha CBS, tarehe 14 mchekeshaji Stephen Colbert, akiwa kwenye kituo hichohicho, aliyaita malipo hayo rushwa, tarehe 17 ikatangazwa kwamba kipindi chake kingekoma Mei 2026, tarehe 24 FCC ikaidhinisha muungano wa Paramount na Skydance.

Hapa wengi huifunga kesi mapema mno. Kampuni ilisema kwamba uamuzi ni wa kifedha tu, na ni kweli kwamba mapato ya matangazo ya vipindi vya usiku yalikuwa yakishuka kwa miaka kadhaa. Maelezo hayo mawili hayapingani: kipindi kinachopata hasara ndicho kilicho rahisi kutolewa sadaka. Jiulize basi kama vipindi vingine vyenye hasara vilitendewa vivyo hivyo, na kama njia ya kupunguza gharama ilijaribiwa kwanza. Na usiiache nje ya kalenda tarehe isiyokubaliana na dhana yako. Tarehe 23 Julai, siku moja kabla ya idhini, South Park, katuni ya Paramount hiyohiyo, ilimdhihaki Trump na kampuni yenyewe bila huruma, muda mfupi baada ya watunzi wake kutia saini mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola bilioni 1.5. Kwa maoni yangu mfano huo hufundisha zaidi kuliko ule wa Colbert, kwa kuwa huonyesha kwamba mmiliki haiogopi dhihaka, bali huipigia hesabu.

Zitazame pia njia za kimyakimya. Nchini Ufaransa, baada ya tajiri Vincent Bolloré kuishika televisheni ya Canal+ mwaka 2015, waandishi wa kipindi cha vikaragosi cha Les Guignols waliondolewa, kipindi kikahamishiwa kwa watazamaji wanaolipia, kikafifia, na mwaka 2018 kikafungwa. Mchora vibonzo Gado, aliyekuwa amelichorea kundi la magazeti la Nation la Kenya tangu 1992, alikuta mwaka 2016 kwamba mkataba wake hauhuishwi.

Kipimo kingine ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia ni kuhesabu shabaha. Kwa mwezi mmoja andika ni nani anayechekwa. Wanasiasa watajaa kwenye orodha, na wingi wao usikudanganye, kwani kumcheka waziri aliyekwisha kuchokwa hakumgharimu mmiliki hata senti. Tafuta badala yake benki iliyomkopesha mmiliki, mtangazaji wake mkubwa na sekta anakochuma; pengo likionekana hapo, huenda msanii amejizuia mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Gazeti la tashtiti la Ufaransa, Le Canard enchaîné, lililoanzishwa mwaka 1915, halichukui matangazo ya biashara, na hisa zake hubaki mikononi mwa watu wake, hivyo ngazi yake ni fupi. Msanii aliyehamia kwenye intaneti anayo nyingine ndefu, kwa sababu jukwaa nalo lina mwenyewe, na mfadhili pia ana matakwa yake. Maswali ni yaleyale. Ukiweza kuupata mkataba wa msanii, soma kifungu cha hakimiliki, ambacho ndicho huamua kama kazi iliyokataliwa inaweza kuonekana kwingine. Telnaes aliuweka mchoro wake hadharani mwenyewe, na Mei 2025 akatunukiwa Tuzo ya Pulitzer.