Jinsi ya kufundisha vijana umaskini na tabianchi kwa maharagwe 60

Kwanza usianze na neno tabianchi. Ukianza nalo wataliandika tu kwenye daftari na kesho wamesahau. Anza na bei ya nyanya, hakuna kijana hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, ambaye hajatumwa sokoni akarudi na chache kuliko alizoambiwa.

Alafu toa maharagwe 60. Gawa vijana nyumba tatu, kila nyumba 20, ndio pesa zao za mwaka mzima. Ya kwanza iko Bududa kwenye mteremko wa mlima Elgon, wanalima kahawa na ndizi. Ya pili iko kando ya mto Namatala, mama anauza nyanya. Ya tatu iko Kampala, baba ana mshahara na akiba iko benki. Sasa tangaza mvua kubwa. Bududa chukua 15, shamba limeteremka na kahawa yake. Namatala chukua 10. Kampala chukua 2 tu, maana matoke yamepanda bei.

Tangaza mvua ya pili hapohapo, alafu unyamaze. Hapa ndipo somo lilipo kwa hivyo usiwasaidie kabisa, Bududa wamebaki na 5 na wanadaiwa 15, utawasikia wenyewe wakisema tuuze mbuzi, tumtoe dada shule, tukate ule mti tuchome makaa, na mwingine atashtuka aseme lakini si huo mti ndio unashika udongo? Mwache aseme yeye, sio wewe.

Sayansi iwe fupi: hewa ikipata joto inabeba maji mengi zaidi, kwa hivyo mvua ikishuka inashuka kwa nguvu. Waambie pia ukweli wote, miteremko ya Elgon ni mikali na watu wamejaa, sio kila mporomoko ni wa tabianchi peke yake. Nyie mkificha hilo watakuja kuligundua na hawatawaamini tena.

Kuhusu nani kaharibu, tafadhali msimlaumu mama wa makaa. Uganda nzima haifikii hata asilimia 1 ya gesi zinazoongeza joto la dunia, nyingi zimetoka nchi tajiri zilizochoma makaa ya mawe na mafuta miaka na miaka. Kijana akienda nyumbani akamgombeza mama yake juu ya jiko, umefundisha vibaya.

Na kitu kimoja naomba sana. Kabla ya mchezo uliza pembeni kama kuna aliyepoteza mtu, iwe kwenye mporomoko wa udongo wa Nametsi, Bududa, 2010 au mafuriko ya Mbale Julai 2022. Kama yupo, badilisha nyumba, weka ukame wa Karamoja.

Wakitoka wape kazi moja: waulize bibi au babu, mwaka mavuno yalipokataa tuliuza nini nyumbani? Jumamosi ijayo anzeni na majibu hayo, maharagwe yapikwe.