Polisi wakikuuliza kadi usiku Lubumbashi: fanya hivi

Mimi ni defansere, nasimamia watu mbele ya mahakama za hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Kati ya wanaoniita wakiwa kasho (mahabusu ya polisi), wako ambao hawakuiba wala kupiga mtu. Walikataa tu kusema jina, maana mtu wa mtaani aliwadanganya kwamba asiye na kosa hana la kumjibu polisi.

Hatua ya 1: Jua nani amekusimamisha

Polisi wa rulaje (wa barabarani) anayesimamisha gari au manseba (pikipiki ya abiria) anatafuta karatasi za chombo: leseni, kadi ya rozi (ya usajili wa chombo), bima. Dereva azitoe, Sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 haimwachii nafasi ya kubisha. Abiria hahusiki nazo. Doria ya usiku ni jambo lingine, wao wanataka kujua wewe ni nani. Aliyevaa kiraia muombe kwanza kadi yake ya kazi, kwa upole, na ikiwezekana mahali penye watu.

Hatua ya 2: Taja jina lako

Jina kamili, avenue, mtaa, komine. Uzito wote uko hapa. Katika sheria yetu ya mwenendo wa jinai, OPJ (afisa wa polisi mwenye mamlaka ya kuchunguza makosa) anaweza kumshika mtu kama kuna dalili nzito kwamba ametenda kosa lenye adhabu ya miezi 6 au zaidi. Kosa dogo, la chini ya miezi 6 lakini zaidi ya siku 7, halimtoshi: lazima pia kuwe na hofu kwamba utatoroka, au utambulisho wako uwe haujulikani ama una mashaka. Sasa ukinyamaza, umempa ile sababu aliyokuwa anaikosa. Jina la uongo ni baya kuliko kimya.

Hatua ya 3: Onyesha kadi bila kuiachia

Kadi ya uchaguzi ya CENI (tume ya uchaguzi) ndiyo tunayotumia kama kitambulisho, kwa sababu kadi ya taifa iliyozinduliwa 2023 haijawafikia wananchi wengi. Pasi pia inafaa. Lakini kadi ikishaingia mfuko wa shati la mtu, imekuwa rehani, na hapo bei inaanza.

— Leta kadi.
— Hii hapa, shefu, soma. Nakaa Katuba, natoka kazini. Kuna neno gani?
— Nimesema leta.
— Soma tu, shefu, mimi nakumulikia.

Tochi ya simu inasaidia kweli: anasoma, na wewe unaona namba iliyo kifuani mwake. Akiinyakua kwa nguvu, usishindane naye. Uliza unaifuata ofisi gani, kisha shika saa na mahali.

Kama kadi imepotea, nenda komine ukachukue atestasio ya kupoteza (hati ya kuthibitisha kwamba imepotea) kabla hujaanza kutembea usiku. Kijana wa chini ya miaka 18 hapewi kadi ya uchaguzi, basi atembee na kadi ya shule na namba ya mzazi.

Hatua ya 4: Uliza sababu, hesabu saa

Wakisema "panda gari", uliza unapelekwa kwa kosa gani. Kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006 kinataka uambiwe sababu papo hapo, kwa lugha unayoielewa, na uruhusiwe kuwasiliana mara moja na familia au mtetezi wako. Kasho ya polisi haipiti saa 48; baada ya hapo ni kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria, yaani parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Wanaoshikwa Ijumaa jioni huambiwa wangoje Jumatatu. Katiba haikuandika kwamba Jumapili haihesabiwi. Ndugu walioko nje waandike saa uliyoshikwa, wasitegemee kichwa.

Hatua ya 5: Mbele ya OPJ

Jina ulishalitoa. Habari ya kosa lenyewe unaweza kuomba isubiri mtetezi: kifungu cha 19 cha Katiba kinakupa haki hiyo hata wakati polisi bado wanachunguza. Ukitozwa faini, dai risiti; pesa isiyo na risiti ni matabishi (rushwa). PV (maandishi ya mahojiano yako) isomwe kwa Kiswahili kama Kifaransa kinakupiga chenga. Kabla ya kutia sahihi, angalia mstari wa saa ya kukamatwa. Mstari huo ukiwa mtupu, omba ujazwe mbele yako.